Mwandikie Mtu

Hotuba kwa vijana wa warsha ya uandishi, Mombasa

Wazee wetu mlioacha shughuli zenu mkaja, walimu wenzangu, mama zetu mlioketi nyuma, na nyinyi wanangu wenye siku hii: Assalaam alaykum. Na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie jinsi mtu anavyoweza kuyaeleza yaliyompata kwa hadithi, kwa shairi au kwa insha. Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi hiyo imenifunza jambo moja, ambalo ndilo nililokuja nalo leo: lililompata mtu huwafikia wengine pale anapomwandikia mtu, mtu mwenye jina na uso, akamwambia kile alichokiona kwa macho yake. Maandishi mengi ya Kiswahili yaliyodumu yalianza hivyo. Nitawatajia machache, na kwingine nitakaa kidogo, maana siwezi kupapita mbio.

Kwanza nyinyi mliomaliza shule juzijuzi. Insha ya mtihani mnaijua. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, hadi wa mwisho ulipofanywa mwaka 2023, mtoto wa darasa la nane alikuwa na dakika 40 za kuandika insha yenye alama 40. Ili azipate, alihifadhi mapambo. Siku ilianza kwa majogoo kuwika na ndege kuimba, hata kama mwandishi analala ghorofa ya nne na kilichomwamsha ni honi za matatu. Aliyekimbia alitoka shoti kama swara. Aliyekosea alikiona cha mtema kuni. Aliyefiwa aliangua kilio, machozi yakamtiririka njia mbili mbili, kisha akakumbuka kwamba kifo hakina huruma. Siwalaumu walimu wenzangu. Misemo ilipewa alama, na mwalimu anayewatakia wanafunzi wake heri hakuwa na budi kuifundisha. Misemo yenyewe ni mali yetu, wala sitaki mtu atoke hapa akidhani nimesema itupwe. Ninachokisikitikia ni kwamba mtoto aliyelelewa hivyo, siku msiba unapomfika kweli, ana maneno ya kila mtu, ya kwake hana.

Nilimsomesha kijana mmoja, mtoto wa Majengo, akiwa kidato cha pili. Bibi yake alikuwa amefariki, na darasa lilipopewa nafasi ya kuandika kila mtu atakacho, yeye aliandika kuhusu msiba huo. Kurasa mbili. Bibi aliiaga dunia, familia ikapigwa na butwaa, simanzi ikatanda, na mwisho kazi ya Mungu haina makosa. Nilisoma nisimwone bibi wala mjukuu. Wakati wa mapumziko nikamwita, nikamuuliza: bibi yako alikuwa akifanya kazi gani?

Akasema alikuwa akipika mahamri ya kuuza. Akanyamaza, halafu akasema, "Na usiku ule alikuwa ameshakanda unga."

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia. Bibi alikanda unga baada ya isha, kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, akautia kwenye beseni, akaufunika kitambaa uumuke mpaka alfajiri, akaenda kulala. Hakuamka. Asubuhi nyumba ikajaa watu. Mtu mmoja alipoingia jikoni kutafuta maji akaukuta unga umefura, umekiinua kitambaa, umeanza kumwagika ukingoni. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kuumwaga. Shangazi yake akaketi, akausukuma, akaukata, akateleka karai la mafuta, akawa anakaanga huku analia. Na huko nje watoto wa mtaa walikuwa wanafika na shilingi zao mkononi kama kila asubuhi, hawana habari. Kijana akatumwa mlangoni awaambie leo hakuna mahamri, na harufu ya mahamri imejaa uchochoro mzima.

Nikamwambia akaliandike hilo, na amwandikie yule shangazi yake. Kwa nini shangazi? Kwa sababu shangazi alikuwapo. Huwezi kumwambia shangazi kwamba simanzi ilitanda, atakutazama tu. Yeye unamwambia: nilikuona ukikaanga. Alileta ukurasa mmoja, na haukuwa na neno huzuni hata mahali pamoja. Ulikuwa na beseni la buluu lenye ufa pembeni, na watoto watatu mlangoni, mmoja wao akishikilia sahani tupu. Mimi nimesoma maombolezo ya watu wazima waliosoma sana, na sikumbuki lililonifika kama ukurasa ule.

Niwaonyeshe jambo dogo la ufundi alilolifanya bila kufundishwa. Hadithi yetu huendeshwa na -ka-. Akaingia, akakaa, akasema, akatoka. Ni injini nzuri, na msimuliaji wa Kiswahili huiwasha tangu utotoni. Lakini ukiiacha ikimbie tu, inampitisha msomaji kila mahali bila kumshusha popote. Yule kijana alikuja nayo mbio kutoka chumbani mpaka jikoni, kisha akaisimamisha: "Unga umefura. Umekiinua kitambaa." Hapo msomaji anashuka. Anasimama jikoni na wale wanawake, hajui la kufanya kama wao. Basi mnapoandika hadithi zenu, jiulizeni ni wapi msomaji ashushwe. Pakiwa ni pengi, hadithi haitembei. Pasipokuwapo, tumepita tu.

Sasa twende kisiwani Pate, huko Lamu, kwa mtu aliyeyajua haya kabla yetu sote.

Mwaka 1275 wa Hijria, ambao ni 1858, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana kwa miaka na utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar, alikuwa ameshafariki. Mwana Kupona alikuwa na binti, Mwana Hashima, na alijua huenda asiishi kumlea mpaka mwisho. Kweli hakuishi sana. Inakisiwa alifariki mwaka 1860 au karibu na hapo. Sikilizeni anavyoanza:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asaa ukazingatia

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Vijana wa leo lugha hii ya kaskazini inawapa tabu kidogo, lakini maana yake ni ya nyumbani kabisa. Nisogelee binti yangu. Nimeugua, mwaka umetimia, sijapata kukwambia neno la maana. Njoo mbele, keti, na wino na karatasi, moyoni nina hadithi.

Tazameni alivyoupanga mwanzo huu. Utenzi kwa kawaida hufunguliwa kwa Bismillahi, na watunzi wengi huenda beti kadhaa wakimsifu Mola na Mtume wake kabla ya kugusa habari. Mwana Kupona ni mcha Mungu asiyetiliwa shaka. Sehemu ya mwisho ya utenzi wake ni dua. Lakini hapa anaanza kwa kumwita mtoto kitandani. Kwanza binti asogee, kwanza ajue mama yake ni mgonjwa, ndipo ubeti unaofuata amwambie aandike Bismillahi na kumsalia Mtume. Amri zote ni za mtu aliyelala akimwelekeza aliyeketi. Ukisoma kwa sauti unaiona ile nafasi baina yao, na unaona nani ameshika kalamu.

Najua yanayofuata katika utenzi yamezua ubishi. Mama anamfundisha binti kumtii mume, amtunze, akilala asimsumbue, ampepee. Nimekuwa na wasichana darasani waliokasirika wakiusoma, na mmoja aliniuliza kama Mwana Kupona angemwandikia hivyo mtoto wa kiume. Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia ajibu kwa utenzi, mizani minane kwa kila kipande, vina kama vya Mwana Kupona, naye Mwana Hashima ndiye awe msemaji. Akaandika beti chache kali sana. Nawaambia hivi kwa sababu mara nyingi tunadhani kuyaheshimu maandishi ya wazee ni kuyakubali yote yaliyomo. Mimi naona kuyaheshimu ni kuyajibu. Wasia wa mwaka 1858 uliweza kumkasirisha msichana wa Mombasa zaidi ya miaka 150 baadaye kwa sababu sauti iliyomo bado inamwita mtu asogee.

Kutoka Pate niwateremshe Tanga. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, akafanya kazi ya ukarani serikalini enzi za Waingereza, na akafariki mwaka 1962. Nyote mmemsoma. Ninachotaka mkione kwake leo ni namna mtu mmoja, mwenye maisha mamoja, alivyoyagawa maisha hayo katika fani tofauti, kila jambo akalipa chombo chake.

Alifiwa na mkewe Amina. Kuhusu msiba huo ana shairi, na shairi lile linasemeshwa kwa Amina mwenyewe. Anamwita kwa jina, neno la kwanza. Anamwambia amejitenga, anamfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua, na anamuombea. Ni shairi fupi ambalo halikukaa kuusimulia ugonjwa wala mazishi. Mkasa wa maisha yake kwa upana, kazi, uhamisho, ndoa, watoto, huo aliupeleka kwenye nathari, katika kitabu alichokiita Maisha Yangu. Na kwa binti yake Mwanjaa, aliyebaki bila mama, aliandika utenzi wa wasia, Utenzi wa Hati, ambao unaanza kwa baba kumwita binti aketi kitini aandike. Mmeusikia mwangwi? Ni kama vile Mwana Kupona amempisha nafasi. Mama akiwa hayupo, baba amekaa pale pale akaita vile vile. Kwa mwanawe wa kiume, Hussein, akaandika Utenzi wa Adili. Na zaidi ya hayo yote akaandika insha, kwa sababu yako mambo aliyotaka kuyapima kwa akili mbele ya watu wote, na hayo shairi lingeyabana.

Hapa ndipo penye swali ambalo mtaliuliza mara nyingi: hili langu niliandike kwa njia gani? Sitawapa kanuni, maana kanuni hiyo sina. Nitawapa mfano wa mwisho wa wakubwa wetu, kisha tutaijaribu kazi wenyewe.

Abdilatif Abdalla ni mtoto wa Mombasa, wa mji wetu huu. Alikuwa na miaka 22 tu, umri wa wengine mlioketi hapa, alipokamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na muda mwingi akafungiwa peke yake. Kalamu na karatasi hakuruhusiwa kuwa navyo. Alitunga, akaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mashairi yale yakatoka gerezani. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Jina la tuzo ni la yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Fikirieni kuhusu fani aliyoitumia. Mara nyingi ni shairi la kimapokeo la mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane mbele na nane nyuma, vina vya kati na vya mwisho. Watu wengi siku hizi huziona kanuni hizi kuwa ni minyororo, na tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi na wenzake walipoleta mashairi huru, ubishi huo haujakoma. Mimi nayapenda mashairi huru yaliyoandikwa vizuri, na ubishi wenyewe umenichosha. Lakini muulizeni mtu aliyefungwa peke yake bila daftari. Mizani na vina humwezesha kulibeba shairi kichwani. Neno moja likipotea, masikio yanamwambia kuna pengo, na kina kinamwambia neno lililopotea lilimalizikaje. Alikuwa anaweza kulisoma kichwani usiku, akalikuta zima asubuhi. Kanuni ile ile inayomtesa mwanafunzi mezani ilimtunzia mfungwa maneno yake.

Na alijua kuyavisha. Ana shairi juu ya mamba wa mtoni anayejigamba na kujiona hodari. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa mamba ni nani.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo mama zetu hapo nyuma wameshaanza kuliwaza. Naliona nyusoni mwao. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa sitara. Ya nyumba hayatolewi nje. Kijana akianza kuandika ukweli wa maisha yake, ataandika na ya baba yake, na ya shangazi aliyeachwa, na ya mjomba anayekula mihadarati. Hofu hii ni ya haki, na sipendi inapobezwa na watu wa warsha wanaosema andika tu, usiogope mtu. Anayeandika leo Mombasa kesho anasali na watu hao hao, anazikana nao.

Lakini lugha yetu imeliona tatizo hili zamani, ikalitafutia njia. Ndiyo maana tuna fumbo. Mwanamke amevaa kanga yenye maneno, jirani ameyasoma, ujumbe umefika na salamu zao za asubuhi hazijakatika. Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu aliyefariki mwaka 1840 au karibu na hapo, alitunga kuhusu mapenzi, vita, ugomvi na siasa za Mombasa wakati mji ukipambana na Sayyid Said, na mengi aliyafumba. Waliolengwa walijijua. Na watu waliyapenda mashairi yake kiasi cha kuyahifadhi kichwani. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa bado wanayajua, yakachapishwa kuwa kitabu mwaka 1940, Muyaka akiwa kaburini kwa takriban miaka 100. Kama wale wazee wangeona ni maneno ya mtu mwingine kuhusu mambo ya zamani, yasiyowahusu, leo tusingekuwa na hata ubeti.

Basi kwa mambo ya nyumbani, hadithi ya kubuni mnayo. Badilisha jina, mtaa, kazi ya mtu, mfanye shangazi kuwa mama mkwe. Usibadilishe lile jambo lenyewe lililokukaa moyoni; likiondoka hilo, hadithi imebaki nguo tupu. Na ikiwa habari ni ya mtu mwingine, aliye hai, nenda ukamuulize. Kaa naye. Akikataa, nyanyuka, na habari ibaki kwake.

Nije sasa kwenye lile linalonikera roho zaidi, nimelichelewesha kwa makusudi.

Hapa ukumbini karibu kila mtu ana ndugu, au jirani, au mwenzake wa darasani, aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Arabuni. Saudi Arabia, Qatar, Oman. Mkataba wa miaka miwili, pasipoti mikononi mwa mwajiri mara nyingi, simu kwa ruhusa. Wapo waliorudi salama wakajenga. Wapo ambao hatukuwasikia tena mpaka jeneza lilipofika uwanja wa ndege. Magazeti yameyaandika, na yameandika vizuri mara nyingine, lakini gazeti hufika siku ya jeneza. Zile siku mia saba na kitu kabla ya kurudi, au kutorudi, ni nani ameziandika kwa Kiswahili? Ni wanawake wanaosema Kiswahili, wanalia kwa Kiswahili, wanawatumia mama zao ujumbe wa sauti kwa Kiswahili usiku wakiwa wamejifungia bafuni. Na mama asiyejua kusoma anausikiliza ujumbe ule mara nyingi, mpaka anaujua kwa moyo. Hiyo tayari ni fasihi, lakini iko ndani ya simu, na simu huibiwa, huharibika, huuzwa.

Jirani yangu mmoja alirudi baada ya mkataba wake kwisha. Amenipa ruhusa niliseme hili. Nyumba aliyofanyia kazi, waliotangulia kufanya kazi kabla yake walikuwa wengi, na mmoja alikaa sana mpaka wakamzoea. Basi yeye alipofika, wakamwita kwa jina la yule. Mwanzo aliwasahihisha. Baadaye akaona haina faida, akaitikia. Aliitikia jina la mwenzake asiyemjua kwa miaka miwili. Siku moja, akisafisha kabati la chumba alichokuwa analala, akakuta leso ndogo iliyofungwa fundo, ndani yake kuna tasbihi na picha ya mtoto. Akajua ni vya mwenye jina. Akavifunga tena, akavirudisha alipovikuta, kwa sababu, aliniambia, "huenda akarudi kuvifuata."

Wanangu, hilo mtaliandika kwa njia gani?

Mwenye shairi atachukua jina tu. Atamsemesha yule mwenye leso: wewe niliyeitikia jina lako, uko wapi? Beti sita, saba, zinatosha. Asimsimulie msomaji safari ya ndege wala mshahara.

Mwenye hadithi atahitaji ile nyumba. Inapambazuka vipi? Nani huamka kwanza? Anakula wapi, amesimama au ameketi? Watoto wa nyumba ile wanampenda? Mara nyingi humpenda, na hapo ndipo hadithi inapokuwa nzito, maana mtoto wa mwajiri ndiye pekee anayemkumbatia mchana kutwa, naye wa kwake amemwacha kwa bibi Likoni. Hadithi itamfikisha kabatini bila kutuambia leso inamaanisha nini.

Na mwenye insha ana kazi ambayo hao wawili hawawezi kuifanya. Insha tumeidharau kwa sababu tumeijua kama adhabu ya shule, mwili na hitimisho na kurasa mbili na nusu. Insha ya mtu mzima ni mtu anayefikiri mbele za watu bila kujificha. Ataanza na leso ile, kisha aulize: sisi tuliomsindikiza uwanja wa ndege, tulijua nini? Wakala alilipwa na nani? Bati la nyumba ya mama yake lilinunuliwa kwa pesa zile, na mdogo wake anasoma kwa pesa zile, na msimu ujao binamu yake atakwenda. Je, nimwambie asiende, na mimi nina kazi gani ya kumpa? Mwandishi wa insha anaruhusiwa kufika mwisho akiwa bado hajui. Asichoruhusiwa ni kujifanya halimhusu. Ningependa sana kuisoma insha hiyo ikiandikwa na mmoja wenu, na iwe imeandikiwa yule binamu anayejiandaa kuondoka, kwa jina lake, kwa mambo anayoyajua. Mkiiandikia "jamii" au "serikali", mtaanza kuhutubia, na sauti yenu itabadilika. Kwa binamu hamtahutubia.

Naona muda umekwenda na chai imeshaletwa, nami nimalizie na utaratibu wa alasiri.

Tuliwaalika mama zetu leo kwa sababu maalumu, na hatukuwaambia vijana. Kila mama aliyeketi nyuma amekubali kumsimulia kijana mmoja jambo moja lililompata: safari, uzazi, ndoa, kazi, mwaka wa njaa au wa mafuriko, anachotaka yeye. Baadhi yao walikuwa Arabuni. Wengine wana mabinti walioko huko sasa hivi. Wengi hawaandiki, nao hawakuja kufundishwa kuandika, wamekuja kusema. Kijana utaketi mbele ya mama, na wino na karatasi, na utamwita kwa heshima anayostahili. Usimkatize. Akinyamaza, ngoja. Swali ambalo nakuomba umuulize, ikiwa lazima uulize, ni: ulikuwa unafanya nini mkononi wakati huo? Kisha umuulize habari hii angependa imfikie nani, na jina hilo uliandike juu kabisa ya karatasi kabla hujaandika neno lingine lolote.

Mtaandika kwa mkono, kwa fani yoyote mtakayoona inafaa, na hakuna atakayehesabu misemo. Kila mlichokiandika mtamsomea mama mwenyewe kwanza. Atakachokikata kikatwe. Atakachosema kisisomwe mbele ya watu, akunje karatasi aende nayo nyumbani, ni yake. Yatakayobaki tutasomeana hapa ukumbini saa kumi na nusu, baada ya alasiri, na walimu watayapiga chapa na kuyapeleka kwa wale ambao majina yao yameandikwa juu, popote walipo, Likoni au Riyadh.

Karibuni chai.